Laini Isiyozimwa

"Dada Thoa, nani anapika wali kwenye pampu ya zimamoto?"

Thoa alikuwa ameinama juu ya ndoo anakamua dekio, na kwa upole ule wa swali alidhani ni utani wa watu wa ofisini. Aliinua uso, tabasamu likiwa njiani, na likaishia huko huko njiani. Diep, yule binti mkaguzi wa umeme, hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka kompyuta yake kando ya sinki la jiko la ghorofa ya tano, kidole kikiwa juu ya kioo, anamsubiri.

Wiki nzima binti huyu alikuwa akizunguka jengo lile la ghorofa nane na mabegi yake mawili. Alihesabu taa. Alipima joto la madirisha kwa kamera inayoona joto badala ya sura. Aliwauliza wafagizi mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuwauliza: viyoyozi huzimwa na nani, nani hutoka wa mwisho, nani huacha kompyuta zinawaka. Na kwenye nyaya za kila ghorofa alibana vidude vyeusi vilivyokuwa vinaandika kimya kimya umeme unaopita, mchana na usiku. Watu walimzoea wakaacha kumwangalia. Thoa naye alimzoea, ndiyo kosa lake.

"Njoo uone," Diep alisema. "Hii ni laini ya pampu iliyoko juu ya paa. Pampu ile kama hakuna moto imelala, haitakiwi kula kitu. Sasa tazama. Inakula saa zote, haipumziki hata kidogo. Halafu asubuhi inapanda, jioni inapanda, nusu saa hivi, kisha inashuka. Mimi nina sufuria ya umeme ya wali kwetu, dada. Najua inavyochora."

"Labda pampu imeharibika, mdogo wangu."

"Kitu kilichoharibika hakili kwa saa za watu."

Thoa aliangalia ule mstari. Ulikuwa umenyooka kama kamba ya mwashi, na juu yake vilima viwili kila siku, na katika vilima vile aliona uji wa wali wa asubuhi na wali wa jioni, aliona mkono wake mwenyewe ukibonyeza sufuria. Mtu anaweza kufunga mlango, akaziba dirisha kwa boksi, akatembea pekupeku juu ya paa asisikike chini, na kumbe muda wote huo waya unasema. Alivuta ndoo nyingine tupu, akaigeuza akaikalia.

"Usimwambie meneja, Bwana Quyen," alisema.

"Kwanza niambie mimi."

Akamwambia. Mumewe Luong ndiye mlinzi wa jengo, na mlinzi ana ruhusa ya kulala kwenye kichumba cha juu ya paa, kando ya matangi ya maji, yeye peke yake. Lakini mle ndani walikuwa watatu. Alikuwemo Thoa mwenyewe, na alikuwemo mama yake Luong, ambaye watu wote humwita Mama Bay, yaani Saba kwa Kivietinamu, namba aliyohesabiwa kati ya ndugu zake. Mapafu ya Mama Bay yalikuwa yamekwisha. Hospitali ilimwachia aende nyumbani kwa sharti moja, alale na kuamka na mashine ya oksijeni, asikae bila hiyo. Na kwao huko mtoni umeme hukatika kila mvua inapokohoa. Hapa mjini, umeme ukikatika, jenereta ya jengo huwaka, na laini ya kwanza inayopata ni ya pampu ya zimamoto. Luong aliichagua laini ile kwa akili timamu kabisa.

Diep alifunga kompyuta. Kwa muda alikuwa akisugua jicho kwa kiganja kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike.

"Mimi si polisi, dada. Lakini namba siwezi kuifuta. Na Jumapili tunazima jengo zima."

"Mnazima vipi?"

"Ndiyo njia yenyewe. Watu wakiwa hawapo, tunazima breka, zile swichi kubwa, moja baada ya moja, ghorofa baada ya ghorofa, mimi nimesimama kwenye mita kubwa. Tukizima ghorofa ya sita mita ikashuka sana, najua ghorofa ya sita inakula sana. Mwisho vyote vimezimwa. Kinachobaki kwenye mita hakina mwenyewe anayejulikana, na huyo mwenyewe ndiye anayetafutwa na Bwana Quyen."

*

Bwana Quyen, meneja wa mwenye jengo, alikwisha kuwakusanya wafanyakazi Ijumaa pale ukumbini kuwaonya. Mwaka huu bili ilikuwa imempandisha presha mwenye jengo, na alikuwa amemkabidhi Quyen kazi ya kumtafuta anayewanyonya. Yeye mwenyewe aliwashuku vijana wa ghorofa ya sita na makompyuta yao yasiyolala.

"Lakini simtaji mtu," alisema, akiwaangalia mmoja mmoja. "Awe mpangaji, awe mfagizi. Anayekula umeme wa watu ni mwizi tu kama anayechomoa pochi sokoni. Mjomba Luong, si ndiyo?"

"Ndiyo," Luong alijibu. Alikuwa na umri wa kumzaa Quyen.

"Na wewe dada," Quyen alimgeukia Thoa, akivuta pua, "kwenye lifti kuna harufu ya mchuzi wa samaki. Tuna wageni Wajapani ghorofa ya saba. Wafagizi wapande ngazi."

"Sawa, bwana," Thoa alisema. Harufu ile ilikuwa ya chakula cha mkwewe, alikipitisha na lifti kikiwa ndani ya ndoo chini ya matambara, maana sokoni kulikuwa na bei nzuri ya samaki wabichi wa mtoni na Mama Bay alikuwa hajala vizuri siku kadhaa. Alipanda ngazi kuanzia siku ile. Mtu hafi kwa kupanda ngazi, alijiambia, ila alikuwa na hasira hadi ghorofa ya nane.

*

"Umemwambia," Luong alisema. "Mtu umemjua wiki moja, ukamfungulia moyo."

Walikuwa wamesimama katikati ya matangi, mahali pekee pa kugombana bila kusikika. Nyuma yao, ndani, mashine ilikuwa inavuma na kupumua kwa zamu yake.

"Alikuwa anajua, mume wangu. Mimi nilichompa ni jina tu."

"Jina ndilo linalofukuzwa kazi."

"Basi ningemwambia pampu inapika wali? Hebu niambie wewe ungejibuje, mwenye maneno."

Luong alivuta shati lake la ulinzi likae sawa, ingawa hakuna aliyekuwa anamwangalia. Ni mtu aliyejali sana shati lile.

Thoa alimweleza walivyokubaliana. Laini ya pampu ya zimamoto haizimwi ovyo, sheria inakataza, na Diep angeishikilia sheria hiyo mbele ya Quyen. Jumapili breka zote zingezimwa isipokuwa hiyo. Kwenye ripoti angeandika pampu ya paa ina hitilafu, ikaguliwe na fundi. Huo si uongo, Diep alikuwa amesema, maana pampu yenye mgonjwa na sufuria ni hitilafu kweli. Fundi angeitwa, angechelewa kama mafundi wote, na ndani ya mwezi huo wao wawe wamepata pa kwenda.

"Mwezi," Luong alisema.

"Afadhali mwezi kuliko Jumapili."

Luong aliangalia mapaa ya jirani. Kisha akaguna, na mkewe akajua amekubali. "Lakini Mama asiambiwe."

"Kwa nini asiambiwe? Ni pumzi zake."

"Kwa sababu namjua mama yangu. Mwambie leo kwamba tunajificha kwa ajili yake, kesho unamkuta kafunga mfuko yuko mlangoni. Tangu aje anauliza umeme huu ni wa nani. Feni anaizima. Taa anaizima, anakula gizani kama panya. Akijua, anaondoka, na huko mtoni hamalizi siku mbili. Acha, Thoa. Jumapili itapita, hatajua kitu."

Thoa hakupenda. Alijua mtu anayefichwa jambo linalomhusu huwa anajitungia lake, na Mama Bay alikuwa na masikio makali kuliko vijana. Lakini mama alikuwa wa Luong, si wake, na nyumba nyingi hunyamazishwa na hesabu hiyo. Akanyamaza.

Jumapili asubuhi, kabla ya kushuka, Luong alimwachia mama yake redio ya upepo, ile ya akiba. Alimwonyesha kitufe. "Mama, lifti haitafanya kazi leo, wanaitengeneza. Ukijisikia vibaya bonyeza hapa, sema, nitasikia popote nilipo."

"Nitakusumbua kazini," Mama Bay alisema.

"Hunisumbui."

"Wanatengeneza lifti Jumapili?"

"Ndiyo, Mama. Watu wakiwa hawapo."

Mama Bay aliitazama ile redio, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Thoa, ambaye alikuwa amepata ghafla kazi ya kukunja blanketi.

*

Chumba cha mita kilikuwa nyuma ya ukumbi, kidogo na chenye joto. Diep alisimama mbele ya mita na daftari lake. Bwana Quyen alikuwa amejiletea kiti, na kahawa ya barafu, na redio ya upepo ambayo hakumpa mtu mwingine aishike. Utoaji wa amri ulikuwa umemkaa vizuri. Thoa aliambiwa asimame mlangoni na tochi, kwa kuwa taa zingezimika. Luong alikuwa juu, akishuka ghorofa moja moja.

"Ya nane. Zima," Quyen alisema kwenye redio.

"Imezimwa," sauti ya Luong ikajibu.

Namba kwenye mita ikashuka. Diep akaandika. Ya saba ikazimwa. Ilipofika ya sita, Quyen alisogea mbele ya kiti chake. Namba ilishuka kidogo tu, kama kwenye ghorofa nyingine.

"Ndiyo hiyo tu?" Quyen aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Vijana wanazima kompyuta zao wakiondoka. Nimeshaona kwenye kumbukumbu za wiki," Diep alisema. "Tatizo lako ni viyoyozi vya zamani na madirisha, bwana. Si mwizi."

"Madirisha," alisema Quyen, kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa mchicha. Dirisha halifukuzwi kazi.

Wakamaliza ya kwanza, wakazima lifti, wakazima ukumbi. Palibaki taa mbili nyekundu za altari ndogo ya Mungu wa Ardhi, pale chini ukutani, na machungwa yake na kikombe chake cha kahawa.

"Hizo pia?" Thoa aliuliza akimulika.

"Hizo acha," Quyen alisema haraka. "Biashara yenyewe hii mbaya, halafu nimzimie mungu taa?"

Thoa aliyashika maneno yale moyoni yakamuuma. Mungu wa udongo asiye na mapafu alikuwa ameruhusiwa umeme wake bila hata kuuomba.

"Basi," Diep alisema. "Tumemaliza. Kilichobaki ni altari, ving'ora vya moto, na laini ya pampu ya paani, ambayo kisheria haizimwi. Nitaweka kwenye ripoti kwamba pampu ile ikaguliwe. Luong anaweza kuanza kuwasha."

Thoa alikuwa tayari amegeuka atoke. Lakini Quyen alikuwa ameinama kwenye mita, anasoma.

"Ngoja kwanza. Zaidi ya wati mia nne hizi. Mungu wa Ardhi hali hivyo."

"Nimesema, ni pampu. Ina hitilafu."

"Mimi sijaona pampu yenye hitilafu ikaacha kuvuja maji." Akabonyeza redio. Alisema polepole, kwa raha, kama mtu anayezungumza na umati. "Mjomba Luong. Ghorofa zote zimezimwa na huku bado kuna mtu anakula. Pita mlango kwa mlango. Yuko ndani ya jengo hili. Nikimpata, yeye na aliyemficha wote wanalala polisi leo."

"Sawa," Luong alisema.

Diep alifungua mdomo aseme jambo, kuhusu sheria pengine, kuhusu ripoti. Lakini macho yake yakakwama kwenye mita. Thoa naye akaangalia. Namba ile ilishuka pale pale mbele yao, kwa mkupuo mmoja. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo sana, cha altari na ving'ora.

"Nani amezima?" Quyen aliuliza. Akabonyeza redio. "Mjomba, umezima nini?"

"Sijagusa kitu, bwana. Nipo ya kwanza."

Thoa alielewa kabla sauti ya mumewe haijaisha. Redio iliyokuwa mkononi mwa Quyen ilikuwa ikisema na redio mbili, si moja. Yeye na mumewe walilijua hilo, Luong mwenyewe alikuwa ameiweka ile ya pili mapajani mwa mama yake, na hakuna hata mmoja aliyelifikiria.

Tochi ilimponyoka. Alikimbia.

Lifti ilikuwa imezimwa, na ngazi zilikuwa giza. Alipanda kwa kushika ukuta. Ghorofa ya kwanza alimkuta Luong. Hakuweza kusema, alimwonyesha juu kwa mkono, na Luong akageuka akaanza kupanda nyuma yake, lakini alikuwa na goti bovu na Thoa hakumsubiri. Alikuwa anamlaani Luong, anajilaani mwenyewe kwa kunyamaza, anamlaani yule binti na vidude vyake vyeusi. Alimlaani hata mkwewe kwa yale masikio yake. Kufika ya saba kifua kilikuwa kinamwaka, na hapo ndipo ilipomjia kwamba hivi ndivyo Mama Bay anavyojisikia kila siku akienda chooni tu.

Mama Bay alikuwa ameketi wima kitandani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mrija alikuwa ameuvua akaukunja vizuri kando yake. Midomo ilikuwa rangi ya biringanya. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, na hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaingia.

Thoa alibonyeza swichi. Mashine ikalia, ikatetemeka, ikaanza kuvuma. Alimvisha mrija puani, akaukosea mara ya kwanza. Alikaa nyuma yake akamwegemeza kifuani mwake mwenyewe, akamsugua mgongo.

"Vuta, Mama. Taratibu. Vuta tena."

Ilichukua muda mrefu. Rangi ilianza kurudi kwenye ncha za masikio, kisha kwenye midomo, pole pole na kwa shida. Redio kitandani ilikuwa inakoroma tu, hakuna aliyekuwa anasema. Hatimaye Mama Bay aliinua kidole kimoja, ishara kwamba ana neno.

"Wame... ona?"

Huko chini namba ilikuwa imepanda tena, palepale ilipokuwa, mbele ya macho ya Bwana Quyen, na Thoa alijua hakuna mtu duniani ambaye angeshindwa kuisoma hesabu hiyo. Kama mkwewe angeacha mashine ivume, ingekuwa pampu mbovu. Alipoizima ili awaokoe, ndipo alipowataja.

"Hawajaona kitu, Mama."

"Niliwahi?"

"Uliwahi kabisa."

Mama Bay alifumba macho. Uso wake ulilegea, na Thoa aliona kwamba mama huyu amefurahi. Tangu aletwe mjini hakuwahi kuonekana amefurahi hivyo. Alikuwa amewafanyia watoto wake kazi, na kazi imefanyika. Thoa aliuma mdomo hadi akasikia chumvi.

Nje, viatu vilikuwa vinakanyaga zege la paa, viatu vya watu zaidi ya mmoja, vimoja vya ngozi ngumu. Sauti ya Diep ilikuwa inasema jambo kwa haraka, na sauti ya Quyen ikamkata. Kisha mlango ukagongwa, mara moja, kwa nguvu.

"Nani?" Mama Bay aliuliza, bila kufumbua macho.

"Ni Luong," Thoa alisema, ingawa Luong hajawahi kugonga mlango ule.